Mpangaji Sugu: Lini Umfuate Mahakamani na Lini Uachane Naye

Ugomvi na mpangaji mbaya huonekana kama jambo moja, kumbe ndani yake mna madai matatu: unataka nyumba yako irudi, unataka kodi iliyolimbikizwa, na unataka fidia ya vilivyoharibiwa. Wengi huyabeba yote kwa mkupuo, wakajikuta wanasubiri hukumu ya deni huku mtu bado analala ndani bure. Yatenganishe mapema. Nyumba inakutia hasara mpya kila mwezi anaoendelea kukaa. Deni la nyuma, akishatoka, limesimama pale lilipo. Ndiyo maana kurudishiwa nyumba karibu kila mara kunastahili kupiganiwa, tena haraka. Kudai pesa ni hesabu nyingine kabisa, na mara nyingi hesabu hiyo haitoki.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa kawaida anayepangisha nyumba za kuishi. Taratibu za notisi, amana (pesa ya dhamana anayoweka mpangaji anapoingia) na mahakama hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo kila panapotajwa muda au utaratibu, hakikisha kwanza wa kwenu ukoje. Hesabu zote hapa zimewekwa kwa kipimo cha kodi ya mwezi mmoja, ili uweke tarakimu zako mwenyewe.

Andika unachodai, mstari kwa mstari

Kiasi unachokitaja ukiwa na hasira na kiasi atakachokikubali hakimu havifanani. Anza na kodi. Tengeneza jedwali lenye safu nne: mwezi, kiasi kilichotakiwa, kiasi kilicholipwa na tarehe yake, salio. Usiandike "kama miezi minne hivi". Mwezi alioondokea katikati unahesabiwa kwa siku.

Kama aliondoka kabla mkataba haujaisha, usijaze miezi yote iliyobaki. Sehemu nyingi sheria inakutaka ujitahidi kupata mpangaji mwingine ili hasara ipungue, na unalipwa kwa ule muda tu ambao nyumba ilikaa tupu licha ya juhudi zako. Ushahidi wa juhudi hizo ni matangazo uliyotoa na ujumbe wa watu waliokuja kuangalia nyumba, kwa hiyo usivifute. Adhabu ya kuchelewa kulipa idai tu kama imo kwenye mkataba, na hata hapo iwe ya kiasi. Adhabu nene huwafanya mahakimu waanze kukutilia shaka na kwenye mengine.

Sehemu inayowaangusha wengi ni uharibifu. Rangi iliyofifia, matundu ya misumari ya picha, zulia lililosagika njia ya mlangoni: huo ni uchakavu wa kawaida na haulipwi. Komeo lililovunjwa, sinki lililopasuka, kioo kilichopigwa, taka zilizoachwa chumba kizima: huo ni uharibifu. Na hata kwenye uharibifu hulipwi bei ya kitu kipya. Chukulia rangi ya ukutani inadumu miaka 4, na ulipaka miaka 3 kabla ya yeye kutoka. Hata kama ameuchafua ukuta kupita kiasi, kilichobaki kwenye ile rangi ni robo ya thamani yake, nawe utadai robo ya gharama ya kupaka upya. Zulia la miaka 8 lililotumika miaka 6, hali kadhalika. Ukifanya hesabu hii kwa kila kitu, makadirio ya fundi yaliyokuwa kodi ya mwezi 1.5 yanaweza kushuka hadi 0.6, na ni vizuri uyashushe mwenyewe kabla hujashushiwa.

Kisha toa amana. Kwa mfano: malimbikizo ya miezi 4, jumlisha uharibifu 0.6, toa amana ya mwezi 1. Unadai 3.6. Mwenye nyumba huyuhuyu, asipopiga hesabu, angesema anadai miezi mitano na nusu.

Pima ushahidi bila kujipendelea

Jiulize: mashauri kumi yanayofanana na hili langu, ningeshinda mangapi? Jibu linategemea makaratasi kuliko linavyotegemea nani ana haki. Kwa kodi, unahitaji mkataba uliosainiwa na kumbukumbu za malipo. Kama mlipokezana pesa taslimu bila risiti, yeye atasema alilipa na wewe utasema hakulipa, na huenda ukabebeshwa wewe mzigo wa kuthibitisha. Mkataba wa mdomo haukufungii mlango, ila unakushusha. Ujumbe wa simu wenye maneno kama "naomba univumilie, nitamalizia miezi mitatu mwisho wa mwezi" unaweza kukuokoa: pale amekiri upangaji na amekiri deni. Upige picha, uhifadhi na simu yenyewe.

Kwa uharibifu, kinachotakiwa ni kulinganisha kabla na baada. Hati ya makabidhiano ya siku ya kuingia, yenye saini zenu wote wawili na picha zenye tarehe, ndiyo nguzo. Ukiwa na picha za siku ya kutoka peke yake, huna jibu kwa mtu atakayesema "nilikuta hivyo hivyo". Asiye na hati ya kuingia tunamshauri asahau dai la uharibifu, isipokuwa vile visivyobishika, abaki na kodi peke yake. Dai dogo lililo safi lina nguvu kuliko dai kubwa lenye tundu, kwa sababu tundu moja humfanya hakimu akague kila mstari.

Halafu geuza meza. Yeye ana nini dhidi yako? Paa lililovuja ukaliacha miezi, choo kilichoziba, amana uliyotakiwa kuiweka mahali maalumu ukaichanganya na pesa zako, siku uliyoingia nyumbani kwake bila taarifa. Hayo yote yanaweza kuwa madai kinzani, na unapofungua shauri ndipo unapompa sababu ya kuyaleta. Kuna watu walioenda kudai kodi ya miezi miwili wakatoka wanadaiwa wao.

Pima mfuko wake

Kushinda ni nusu ya safari. Hukumu inakupa haki ya kukusanya. Pesa yenyewe unaitafuta wewe, kwa maombi mengine ya kukaza hukumu (yaani kuitekeleza), ada nyingine, na dalali wa mahakama anayetaka kuonyeshwa mali iko wapi. Mahakama haikupelelezei mdaiwa.

Unachotakiwa kujua ni hiki: anafanya kazi wapi sasa, na mshahara unapita benki? Ana kitu kilichoandikwa kwa jina lake, kama gari au kiwanja? Anaishi wapi baada ya kutoka kwako? Kuna wadai wengine walio mbele yako? Fomu aliyojaza wakati wa kuingia, akaunti aliyokuwa akilipia kodi, na rejesta za umma hukupa mengi. Usipige simu kwa mwajiri ukijifanya mtu mwingine, wala usiwasumbue ndugu zake. Hata pale anapokuwa na vitu, sheria za nchi nyingi zinalinda mahitaji ya msingi kama nguo, kitanda na vifaa vya kazi, na sehemu ya mshahara haiguswi. Televisheni mpya aliyoisimulia jirani, ikipigwa mnada, inaweza isitoshe hata ujira wa dalali.

Mtu mwenye ajira rasmi na anwani inayojulikana, mpe nafasi 6 hadi 8 kati ya 10 za kukusanya. Anayefanya vibarua na kuhamahama, mpe 2. Asiyejulikana aliko, mpe 0 na usijidanganye. Lakini kama mkataba una mdhamini aliyesaini na mdhamini huyo ana kipato, basi mpime mdhamini badala ya mpangaji. Saini hiyo moja hubadilisha jibu zima, kama utakavyoona.

Gharama, zikiwemo zile usizozihesabu

Ada ya kufungua shauri, gharama ya kupeleka samansi, wakili kama unamtumia, nakala na uthibitisho wa nyaraka, ada ya kukaza hukumu, dalali. Omba kila mmoja akutajie kiasi kabla hujaanza, na kwa wakili uliza bei ya shauri lote hadi kukusanya, siyo hadi hukumu. Kumbuka pia kwamba hata ukishinda na ukarudishiwa gharama, ni nadra kurudishiwa zote.

Kisha siku zako. Shauri dogo hukuchukua siku kadhaa za kwenda na kurudi, na linaahirishwa. Zidisha siku hizo kwa kipato chako cha siku. Gharama inayosahaulika kuliko zote ni nyumba yenyewe: ukiacha kuikarabati ili "hakimu aje aone", unapoteza kodi ya kila mwezi kwa ajili ya ushahidi ambao picha, video na makadirio ya mafundi wawili vingeubeba vizuri tu.

Sasa piga hesabu

Dai halisi × nafasi ya kushinda × nafasi ya kukusanya, toa gharama zote.

Turudi kwenye mfano. Dai ni 3.6. Makaratasi ni mazuri, kwa hiyo kushinda ni 8 kati ya 10. Mpangaji anafanya vibarua na amehama, lakini anwani inajulikana. Kukusanya ni 3 kati ya 10. 3.6 × 0.8 × 0.3 = takriban 0.86. Gharama zote pamoja na siku zako ni 1.2. Unaingia kwenye shauri la miezi mingi ili upoteze theluthi moja ya kodi ya mwezi. Achana nalo.

Badilisha kitu kimoja tu: kuna mdhamini mwenye mshahara, kukusanya ni 8 kati ya 10. 3.6 × 0.8 × 0.8 = 2.3. Ukitoa 1.2 unabaki na 1.1. Hapo dai lina maana.

Ikiwa jibu ni chini ya nusu ya kodi ya mwezi, lichukulie kama sifuri. Makadirio yenyewe hayana usahihi wa kutofautisha faida ndogo namna hiyo na hasara. Na usiingize kwenye hesabu pesa uliyokwisha kuitumia, iwe ada ya wakili uliyolipa jana au notisi tatu ulizoandika. Hiyo imekwenda, uendelee au usiendelee. Watu huburuta mashauri kwa miaka kwa kauli ya "nimeshafika mbali", na ndivyo wanavyofika mbali zaidi.

Barua moja kabla ya uamuzi

Hata hesabu ikikataa, barua ya madai iandikwe, kwa sababu gharama yake ni karibu na bure na baadhi ya wadaiwa hulipa wakiiona tu. Iwe ukurasa mmoja, bila matusi wala vitisho vya polisi, kwani deni la kodi kwa kawaida ni jambo la madai na wala si jinai. Kiini chake kiwe hivi:

"Kwa mujibu wa mkataba wetu, unadaiwa kodi ya miezi minne kama jedwali lililoambatishwa linavyoonyesha, na ukarabati kama ulivyoorodheshwa. Baada ya kutoa amana yako, salio ni hili. Naomba ulipe ndani ya siku 14 kupitia akaunti ifuatayo. Ukitaka kulipa kwa awamu, niandikie kabla ya siku hizo kwisha."

Sentensi ya awamu ndiyo yenye kazi. Akijibu kwa maandishi kwamba atalipa kidogo kidogo, amekiri deni, na katika sheria za nchi nyingi kukiri kwa maandishi huanzisha upya muda wa ukomo wa madai, yaani muda ambao ukipita huwezi tena kulidai mahakamani. Ukikubaliana naye, weka awamu anazozimudu na kipengele kinachosema akikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo. Tuma kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa.

Kupokea nusu nusu kuna mtego wake pale ambapo bado yumo ndani. Ukipokea kodi ya mwezi mpya baada ya kumpa notisi ya kuondoka, anaweza kudai umeifuta notisi kwa kitendo chako. Usipokee kabla hujajua sheria ya kwenu inasemaje. Ukipokea, risiti iandikwe kwamba malipo ni ya malimbikizo na notisi inaendelea kuwa hai.

Kumlipa ili aondoke

Hapa ndipo wenye nyumba wanapochemka. Hajalipa miezi minne, na bado nimpe pesa? Tazama hesabu, hasira iweke kando. Tuseme mchakato wa kumtoa kisheria kwenu huchukua miezi 5: umepoteza kodi 5 nyingine, pamoja na gharama za shauri, tuseme 1. Jumla 6, na nyumba inarudi katika hali asiyojali tena. Ukimpa kodi ya mwezi 1 ya kuhamia na kumsamehe malimbikizo ambayo hesabu ilishasema hayakusanyiki, akatoka ndani ya siku 10, umepoteza 1 na siku kumi. Kwa mpangaji asiye na kitu, mara nyingi hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na inauma tu kwa sababu inaonekana kama zawadi.

Inaharibika kwa sababu moja kuu, nayo ni kutoa pesa mapema. Asipewe kitu siku ya kusaini, hata "nauli ya kutafuta chumba". Makubaliano ya maandishi yataje tarehe na saa ya kutoka, kwamba anaondoka kwa hiari na kumaliza upangaji, watu wote watakaotoka naye, kiasi atakachopokea, amana inakwenda kwa nani, na kama madeni ya pande zote mbili yamefutwa. Usisahau hayo ya "pande zote mbili", la sivyo umemsamehe wewe naye akarudi kudai amana.

Siku yenyewe mpitie pamoja chumba kwa chumba. Vyumba vitupu, makabati yafunguliwe, mita za umeme na maji zisomwe na kuandikwa, funguo zote zihesabiwe, picha zipigwe. Asaini kwamba amekabidhi, ndipo apokee pesa na asaini kupokea. Fundi wa vitasa awe nje anasubiri, abadilishe kabla hamjaachana. Kama amebakiza godoro na masanduku akasema "nitayafuata kesho", hajatoka, na pesa isitoke.

Yasiyoachiwa

Hesabu hii haihusu mambo yote. Mpangaji anayewatishia wapangaji wenzake, anayechezea mita au nyaya za umeme, anayefanya uhalifu ndani ya nyumba, au aliyewapangisha watu wengine usiowajua, anatolewa hata kama gharama ni kubwa, kwa sababu madhara yake hayana kikomo na yanaweza kukurudia wewe. Vivyo hivyo kwa anayeanza kudai kwamba nyumba ni yake au ameinunua.

Na akikushtaki yeye, kuachia maana yake si kunyamaza. Usipojibu samansi, hukumu ya upande mmoja inaweza kutolewa dhidi yako, hata kama madai yake ni ya uongo. Jibu ndani ya muda, weka hati zako, halafu ndipo ufikirie kusuluhisha.

Kuhusu njia za mkato: kubadilisha kitasa akiwa kazini, kukata maji, kung'oa mlango, kuzuia vyombo vyake bila amri. Karibu kila mahali ni kosa, na hugeuza mdaiwa wa miezi minne kuwa mdai wa fidia. Kutangaza jina na picha yake kwenye makundi ya mtandaoni nako kunaweza kukuletea shauri la kashfa au la faragha. Mwenye nyumba mwingine akikuuliza habari zake, sema tu yale yenye karatasi.

Ukishaamua kuachia

Kuachia kuna utaratibu. Mpe hesabu ya mwisho ya amana kwa maandishi ndani ya muda wa kisheria hata kama imeliwa yote na malimbikizo. Kwenye nchi nyingi, kuchelewesha hesabu hiyo kunaweza kukutia faini au kukupotezea haki ya kukata chochote. Usiandike popote kwamba umemsamehe deni, isipokuwa kama unapata kitu badala yake. Ukinyamaza, deni linabaki hai hadi ukomo wake; ukisamehe kwa maandishi, huenda umelizika. Muulize mhasibu wako kama hasara hii inapunguza kodi yako ya mapato, ila usitegemee sana: kodi ya nyumba ambayo hukuipokea wala kuitangaza kama mapato kwa kawaida haina cha kukatwa.

Karabati, pangisha. Faili lake lifunge likiwa na mkataba, jedwali, picha, barua na namba ya kitambulisho chake, kisha tafuta muda wa ukomo wa madai ya mkataba kwenu na uweke kumbusho kwenye simu mwaka mmoja kabla haujaisha. Siku hiyo angalia kitu kimoja tu: amepata ajira au mali inayojulikana? Kama ndiyo, badilisha ile nafasi ya kukusanya kutoka 0.3 kwenda inapostahili, na upige hesabu upya.